Shujaa, Steringi au Jagina? Maoni juu ya Istilahi za Hadithi za Picha

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, yaani maneno yafaayo kutumiwa katika kufasiri vile vitabu vya picha vya Marekani vinavyosimulia habari za watu wenye nguvu zipitazo za binadamu. Kwa maoni yetu jambo hili si dogo hata kidogo. Vitabu hivyo, pamoja na filamu zitokanazo navyo, ni miongoni mwa hadithi ambazo vijana huzifuata kwa hiari yao, pasipo kusukumwa na mwalimu wala mtihani. Neno walipatalo humo hulichukua hadi darasani, na kutoka darasani hufika ofisini.

Vitabu hivi tumevikusanya kwa zaidi ya miaka 30 hapa Machochwe, kata ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, iliyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Vingine vilipitia Sirari pamoja na mitumba, vingine vilitoka Mwanza vikiwa havina majalada. Twaandika basi kama wapenzi wa vitabu hivi. Lakini mpenzi naye ana haki ya kuuliza, na swali letu ni hili: je, tunapowapa watu hawa jina la Kiswahili, tunawapa jina lililo lao, au tunawapa lililo la watu wengine?

Jina la kitabu

Hapa hatutakawia. Neno "katuni" limekwisha kuota mizizi, na "kibonzo" nalo linatumika. Hata hivyo, maneno yote mawili humfanya msomaji atazamie kucheka. Ndivyo ilivyostahili kwa Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na kwa Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Wachoraji wetu wa mwanzo walimweka mbele mtu mjinga, mlevi au mjanja wa mtaani, ili sisi tujione. Hadithi ndefu ya picha isiyo na nia ya kuchekesha yahitaji neno lake. Neno hilo lipo: mfululizo uliochapishwa Nairobi katika miaka ya 1980, ambao mchoraji Terry Hirst alishiriki kuutunga, uliitwa Pichadithi. Ingawa vitabu vyenyewe viliandikwa kwa Kiingereza, jina lake liliundwa kwa kuunganisha picha na hadithi, na mtu yeyote hulielewa alisikiapo mara ya kwanza. Hatuoni sababu ya kutafuta jingine.

Jina la mtu

Ugumu umo katika jina la mhusika mwenyewe. Wafasiri wengi husema "shujaa" tu. Wengine huongeza na kusema "shujaa mkuu", kana kwamba ni cheo cha jeshini, na wengine hutumia "supashujaa", neno lenye kichwa cha kigeni na kiwiliwili cha Kiswahili.

Tuanze na "shujaa". Katika mapokeo yetu shujaa ni mtu afaye. Fumo Liyongo, ambaye habari zake Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliziandika kwa utenzi mwaka 1913, hakudhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni, na aliyeichoma alikuwa mwanawe mwenyewe. Lwanda Magere, ambaye Wajaluo wa pande zote mbili za mpaka humsimulia, alikuwa na mwili wa jiwe, lakini uhai wake ulikuwa kivulini, na siri hiyo ilitoka kwa mkewe. Nguvu za watu hawa hazisimuliwi pasipo mlango wake wa mauti, na mlango huo hufunguliwa na mtu wa nyumbani. Hadithi hizo zatufundisha kwamba mwenye nguvu naye yumo mikononi mwa watu wake.

Sasa tumtazame Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kutokea mara ya kwanza mwaka 1938. Yeye pia ana udhaifu wake, lile jiwe la sayari alikozaliwa. Lakini mwaka 1992 wachapishaji walimwua kwa kishindo kikubwa, watu wakapanga foleni kununua toleo la kifo chake, na mwaka 1993 akarudi hai. Wakusanyaji hatukushangaa. Mhusika ambaye ni mali ya kampuni hafi, kwa sababu kifo chake ni hasara. Hii ndiyo tofauti kubwa kati yake na Liyongo, wala haihusu wingi wa nguvu. Mmoja hadithi yake ina mwisho, na mwingine hadithi yake imekatazwa kuisha.

Watu wa mitaani waliitambua tofauti hii kabla ya wataalamu. Katika vibanda vya video, ambamo wafasiri kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, walisikika wakisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, mhusika mkuu aliitwa "steringi", na ikawa kama methali kwamba steringi hafi. Neno hilo lilitoka kwenye maandishi ya mwanzo wa filamu, likabadilishwa na ndimi za watazamaji hata likawa lao. Halimsifu mtu kwa wema wala kwa ujasiri. Lasema tu kwamba huyu ndiye atakayebaki mwishoni. Uhakiki mzima umo katika neno moja.

Pamoja na hayo, "steringi" latosha kwa mhusika mkuu yeyote, awe na nguvu za ajabu au awe polisi mwenye bastola tu. Kwa hiyo hatuwezi kulitwika mzigo wote. "Jabari" nalo limependekezwa na wengine, lakini ni sifa ya Mwenyezi Mungu, na haifai kumvika mtu arukaye angani kwa joho jekundu. Lipo neno "jagina", ambalo limo kamusini na ambalo katika mazungumzo ya kila siku halisikiki sana. Kwa utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi, hazina ya Kiswahili chenyewe hutafutwa kwanza kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Maana yake ya asili iko karibu na ushujaa, haidhuru. Neno lililolala ni rahisi kulipa kazi maalumu kuliko lililo macho. Tunapendekeza basi "jagina", na wingi wake "majagina".

Faida yake ni kwamba "shujaa" atabaki na kazi yake. Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa, na tunaowakumbuka siku hiyo ni watu waliokufa na hawakurudi. Mtoto aliyefundishwa na vitabu kwamba shujaa ni mtu asiyekufa, tutamwelezaje maana ya mkuki na ngao zinazowekwa mnarani?

Mvua ya Serengeti

Tuje sasa kwenye kitabu kinachotuhusu sisi wa Machochwe kuliko wengine. Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walitoa toleo la X-Men lililomleta Ororo, mwanamke mwenye kuamuru mvua na radi. Tunamkuta Kenya, watu wakimlilia awaondolee ukame, naye anawanyeshea, nao wanamwabudu. Waandishi waliofuata walieleza kwamba mama yake alikuwa Mkenya, kwamba alibaki yatima Cairo, na kwamba alitembea kuelekea kusini hata akafika nyika za Serengeti.

Kwa sifa za uchoraji, kitabu kile ni cha kupendeza, na Ororo ni mmoja wa wahusika wenye heshima kubwa katika pichadithi zote za Marekani. Lakini tazameni waliomzunguka. Hawana majina wala lugha, hawana ukoo wala mashamba. Kazi yao ni kupiga magoti. Kisha anakuja profesa kutoka Marekani, anamwambia Ororo kwamba yeye si mungu na kwamba ana wajibu kwa ulimwengu, naye anaondoka. Hadithi ile haiulizi ni nani atakayeleta mvua kesho yake. Mkulima wa mahindi hukutana na swali hilo kabla hajafika ukurasa unaofuata.

Mkoa huu wa Mara wenyewe una mleta mvua mwanamke. Masimulizi ya Waikizu yanamtaja Nyakinywa, aliyetoka Kanadi, Usukumani, akiwa na elimu ya mvua, akakutana na Isamongo, mwindaji mwenye moto. Wakashindana, wakapatana, na Nyakinywa akahesabiwa kuwa mtemi wa kwanza. Mvua yake ilifungamana na mapatano na utawala. Hakuna mtu wa Ikizu aliyedhani kwamba mtemi aweza kuchukuliwa na mgeni jioni moja na mvua ikabaki vivi hivi.

Mfasiri afanye nini basi? Wako watakaosema alainishe, na mahali palipoandikwa kwamba Ororo ni mungu aandike "mleta mvua" ili asiwaudhi wasomaji. Hatukubaliani nao. Kazi ya mfasiri si kumtawadha mwandishi. Ikiwa kitabu kimemwita mungu, na kiandikwe "mungu wa kike", ili msomaji wa Serengeti aone kilichosemwa juu yake na apate kujibu. Neno "mleta mvua" tulitunze kwa Nyakinywa, ambaye ni lake kwa haki.

Majina ya watu na nchi

Jina la kazi la Ororo twaweza kulifasiri "Dhoruba", kwani "tufani" lanuka bahari na "kimbunga" chazidi kipimo. Jina lake la kuzaliwa liachwe kama lilivyo, ingawa sikio la Mswahili lisikiapo "ororo" hufikiri kitu laini, na kumbe mwenyewe ni radi tupu. Vivyo hivyo nchi ya Wakanda, iliyobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966 pamoja na mfalme wake Chui Mweusi. Kwa sarufi yetu Wakanda ni watu; nchi yao ingekuwa Ukanda, na mwananchi mmoja Mkanda. Mfasiri asithubutu kurekebisha. Na aseme "nchi ya Wakanda" na "mtu wa Wakanda", asonge mbele.

Sauti

Tumeacha mwisho jambo ambalo Kiswahili chaweza kujivunia. Wafasiri wengi hugeuza maneno ya wahusika lakini huziacha sauti za ngumi na mianguko katika Kiingereza, eti ni sehemu ya picha. Huu ni uvivu. Lugha yetu haina anguko moja. Aangukaye kwa uzito huanguka pu, mchangani huanguka tifu, majini chubwi. Kijiti huvunjika kacha, mtoto hulia kwi kwi kwi, na watu hunyamaza jii. Mchoraji wa Marekani hutumia sauti moja kwa mianguko yote, na mfasiri wa Kiswahili hulazimika kutazama picha ili ajue jagina ameangukia nini. Kwa tanakali hizi tafsiri yaweza kuipita asili yake, wala hatuhitaji kuunda istilahi hata moja.

Hitimisho

Tumependekeza "pichadithi" kwa kitabu, "jagina" kwa mwenye nguvu za ajabu, na "steringi" libaki kwa mhusika mkuu wa aina yoyote. Mavazi yake ya kazi tuyaite "maleba", kama tuyaitavyo ya jukwaani, na kifuniko cha uso "barakoa". Walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya mbele ya wanafunzi wao, na yasiyofaa yatupwe. Moja tu tungeomba lisijaribiwe: kumpa steringi jina la shujaa.