Mshumaa wa Hekate na Chakula cha Njia Panda

Siku hizi Marekani na Ulaya huuzwa mishumaa yenye jina la Hekate, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale. Hutengenezwa kwa nta ya soya au ya nyuki, mara nyingi ikitiwa rangi nyeusi, na juu yake hunyunyiziwa majani makavu: lavenda, rozimeri, na mimea ya jamii ya pakanga. Mnunuzi huambiwa kwamba akiuwasha usiku wa mwezi mchanga na kutamka haja yake, atapata ulinzi na kuonyeshwa njia. Wako Wakristo wanaouona mshumaa huo kuwa pambo tu la nyumba, na wako wanaouogopa kama nyoka. Sisi tunataka kuupima kwa haki.

Tuanze na Hekate mwenyewe. Mshairi Hesiod, aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya Kristo, alimsifu kuwa mwenye heshima mbinguni, duniani na baharini, msaidizi wa wavuvi na wachungaji, na mlezi wa watoto. Baadaye Wagiriki walimhusisha zaidi na usiku, mizimu, dawa za miti shamba na njia panda. Wachongaji walimwonyesha akiwa na miili mitatu, akitazama pande zote, na mienge mikononi. Katika tamthilia ya Euripides iliyochezwa Athene mwaka 431 K.K., Medea, mwanamke mjuzi wa sumu, anamtaja Hekate kuwa msaidizi wake.

Basi watengenezaji wa mishumaa hawakubuni kila kitu. Moto, majani na njia panda vimo katika habari za kale. Lakini iko desturi moja waliyoiacha nje, nayo ndiyo inayotufundisha zaidi. Kila mwisho wa mwezi, Waathene wenye uwezo walimpelekea Hekate chakula penye njia panda. Aristophanes, katika mchezo wake wa kuchekesha wa mwaka 388 K.K. kuhusu mungu wa mali, anatania kwamba maskini walikinyakua chakula hicho hata kabla hakijatuliwa chini. Ibada ile ilikuwa ya uongo, na hatuisifu. Hata hivyo, kwa hofu ya matajiri, mwenye njaa alipata kula.

Mshumaa wa leo umetwaa jina la Hekate na kukiacha chakula. Anayeuwasha hufunga mlango, hutaja haja yake mwenyewe, na hungoja ulinzi wake mwenyewe. Nta ikiisha, hakuna jirani aliyeshiba. Hapo ndipo tunapoona kasoro yake kubwa, kubwa kuliko rangi nyeusi na majina ya kutisha. Unamfundisha mtu kwamba msaada wa kiroho hununuliwa dukani, na kwamba aliyelipa hadaiwi tena kitu, wala na Mungu wala na binadamu mwenzake.

Simoni wa Samaria, katika Matendo ya Mitume sura ya 8, alidhani hivyohivyo. Alileta fedha apewe uwezo wa Roho, na Petro akamkemea vikali. Katika sura ya 19 tunawasomea watu wa Efeso waliokuwa wakifanya uganga. Walipoamini, walivichoma vitabu vyao mbele ya watu wote, na thamani yake ikahesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha. Tuangalie kwamba hawakuviuza ili warudishe mtaji wao. Imani iliwagharimu, na biashara ya kuuza ulinzi ikakomea mikononi mwao.

Hatusemi haya ili kumdhihaki anayenunua. Mara nyingi huyo ni mtu aliye njia panda kwelikweli: amefiwa, ndoa imevunjika, kazi imekwisha, au daktari amempa habari nzito. Hofu yake ni ya kweli. Wala hatuyalaumu majani. Lavenda na rozimeri ni viumbe vya Mungu, na harufu nzuri humtuliza aliyechoka. Ubaya huanza pale jani linapoahidiwa kufanya kazi ya Mwumba wake.

Makanisa mengi nayo huwasha mishumaa. Katika mkesha wa Pasaka moto hutoka kwenye mshumaa mmoja mkubwa, ukapita mkono kwa mkono, jirani akimwashia jirani, mpaka kanisa lote likajaa mwanga. Hakuna anayebaki na mwali wake peke yake. Tukiuchukua mshumaa huo nyumbani na kuufanya hirizi ya kutufukuzia maadui, tofauti yetu na mnunuzi wa Hekate itakuwa jina tu.

Nabii Isaya, sura ya 58, anaonyesha mahali nuru inapopatikana. Anasema na watu waliofunga na kuomba huku wakiwanyima wenzao, naye anawaambia kwamba wakimgawia mwenye njaa mkate na kumkaribisha asiye na makao, ndipo mwanga wao utakapopambazuka. Nuru na chakula, vitu viwili ambavyo mshumaa wa Hekate umevitenganisha, nabii anaviweka pamoja.

Basi tukimjua mtu aliyesimama njia panda usiku huu, tusimwache aende kutafuta faraja katika nta. Tumwendee, tumpelekee chakula, tukae naye, tuombe pamoja.