Jioni za Epworth

Wazazi Wakristo wanaowasomesha watoto wao nyumbani badala ya kuwapeleka shuleni, nao ni wengi Marekani, na hata Nairobi hawakosekani, hupenda kumtaja bibi mmoja wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1742, Susanna Wesley, mama wa John na Charles, walioweka msingi wa madhehebu ya Methodisti ambayo mwaka 1862 yalifika mpaka Ribe, nyuma ya Mombasa. Na aghalabu wanapomtaja hutaja fimbo yake, na ratiba yake, na shauri lake kwamba utashi wa mtoto sharti ushindwe mapema. Rai yangu ni kwamba fimbo na ratiba ndizo sehemu rahisi za kazi ile, ambazo mtu yeyote mwenye sauti kali aweza kuziiga kuanzia kesho, walakini kilichowafunza vijana wa nyumba ile kujinyima na kutumikia kilikuwa kitu cha ghali zaidi, nacho ni wakati wa mama mwenyewe, aliomgawia kila mtoto fungu lake.

Bahati nzuri ushahidi tunao kwa mkono wake. Barua moja alimwandikia mumewe Februari 1712, wakati mambo yenyewe yanatendeka. Nyingine, ndefu zaidi, alimwandikia John mwezi wa Julai 1732, pale mwanawe huyo, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu katika chuo kimoja cha Oxford, alipomwomba amkusanyie kanuni za malezi yake, naye baadaye akaitia ndani ya shajara aliyoichapisha. Mwandishi wa barua hizo alikuwa mtoto wa ishirini na tano wa Samuel Annesley, mchungaji mashuhuri wa London. Aliolewa na kasisi, wakakaa Epworth, mji mdogo wa Lincolnshire wenye vinamasi pande zote. Akazaa watoto 19, na katika hao 10 tu ndio waliokua. Mumewe alikuwa msomi na mshairi, ila fedha haikumtii, na mwaka 1705 alifungwa katika ngome ya Lincoln kwa deni la karibu pauni 30. Basi asidhani msomaji kwamba tunazungumzia nyumba ya starehe.

Shule yenyewe ilikwenda hivi. Mtoto hakushikishwa kitabu kabla ya kutimiza miaka mitano. Siku moja kabla ya kuanza kwake nyumba nzima ilitengenezwa, kila mtu akapangiwa shughuli yake, na amri ikatolewa kwamba asiingie mtu chumba cha darasa tangu saa tatu ya asubuhi hata saa sita, wala tangu saa nane hata saa kumi na moja. Na katika siku ya kwanza ya darasa mtoto alitakiwa azijue herufi zote, na wote walizijua, isipokuwa Mary na Anne waliochukua siku moja na nusu, ambao mama yao aliwadhania wazito wa akili mpaka alipoona jinsi watoto wa watu wengine wanavyokaa juu ya herufi hizo hizo kwa muda mrefu. Kesho yake mtoto alifunguliwa Kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, akaendeleza aya ya kwanza herufi kwa herufi, akairudia tena na tena mpaka aisome bila ya kusita, ndipo akaruhusiwa aya ya pili, na hivyo hivyo mpaka somo la siku likawa aya kumi.

Mtu wa pwani aliyelelewa chuoni, akapanda kutoka alifu na be hadi irabu, na kutoka irabu hadi kuendeleza, ndipo zikaja sura fupi, ataona ajabu kwamba mwalimu huyu hakuweka daraja la katikati baina ya herufi na kitabu kitukufu chenyewe. Lakini sura ile aliichagua vema, kwani maneno yake ni machache na hurudi aya baada ya aya, hata mtoto akisha kuyakamata katika aya ya tatu na ya nne, huyakuta yakimngoja katika ya kumi, akajiona msomaji kabla hajachoka. Na lipo jambo jingine, lipitalo machoni mwa wengi wanaoisoma barua hii. Ile siku ya matengenezo haikuwa kwa ajili ya usafi wa chumba tu. Mtumishi aliacha njia yake ya kawaida, ndugu walihamishwa, kazi za nyumba zilipangwa upya, na yote hayo kwa sababu mtoto mmoja wa miaka mitano ataanza kusoma. Kabla ya kuambiwa neno lolote juu ya kujitoa kwa ajili ya wengine, alikuwa amekwisha kuona watu wakijitoa kwa ajili yake, na kwa mtoto wa umri huo mafundisho ya kuona huingia ndani kuliko ya kusikia.

Kanuni yake kuhusu mabinti yastahili kutajwa peke yake, hasa ukikumbuka zama zenyewe. Msichana hakufundishwa kushona wala kazi nyingine ya mikono mpaka awe amesoma vizuri kabisa, kisha ndipo akawekwa kwenye kazi kwa bidii ile ile na kwa muda ule ule aliokuwa akiutoa kwa kusoma. Kwani Susanna aliona kwamba kuwatia wasichana katika sindano mapema ndiko kulikowafanya wanawake wachache mno waweze kusoma kwa namna ya kusikilizika. Utumishi aliutaka, na katika nyumba yenye watoto wengi na fedha chache angewezaje kuukosa? Ila aliutaka utoke kwa mtu aliyekwisha kufunguliwa akili.

Juu ya adhabu sina budi kusema wazi. Barua yaeleza kwamba mtoto alipotimiza mwaka mmoja, na wengine kabla ya hapo, alifundishwa kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini. Hili mimi siwezi kulitetea, wala sioni haja ya kulifunika kwa kusema kwamba ndivyo walivyokuwa watu wa zamani. Walakini katika barua hiyo hiyo zimo kanuni ambazo waigaji wa fimbo huziruka. Mtoto aliyekiri kosa lake kwa unyofu na kuahidi kujirekebisha hakupigwa, na mama ashuhudia kwamba jambo hili lilizuia uongo mwingi. Hapana mtoto aliyekemewa mara mbili kwa kosa moja. Na aliyefanya jambo kwa nia ya kupendeza, ingawa kazi yenyewe ilimharibikia, nia yake ilipokewa, kisha akaelekezwa kwa upole namna ya kufanya vema siku nyingine. Mali ya mwenziwe haikuguswa bila ya idhini, hata ingekuwa na thamani ya robo peni au ya pini. Ahadi zilitimizwa, na zawadi ikisha kutolewa haikurudishwa.

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba ya kasisi iliungua yote, na John, aliyekuwa na umri wa miaka mitano, alitolewa dirishani na mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenziwe. Watoto wakatawanywa katika nyumba za watu kwa miezi mingi, wakazoea kuchanganyika na kila mtu, wakajifunza nyimbo zisizofaa na lafudhi ya ovyo, na ile adabu iliyojengwa kwa miaka ikalegea. Hapa ndipo fundi hujulikana, maana kanuni za siku njema huweza kuwa za kubahatisha, lakini marekebisho baada ya maafa huonyesha ni nini mtu alichokiona kuwa msingi. Susanna hakuongeza adhabu. Aliingiza kuimba zaburi mwanzo na mwisho wa darasa, na akaanzisha desturi ya kwamba saa kumi na moja jioni mtoto mkubwa kuliko wote amchukue mdogo kuliko wote anayeweza kusema, wa pili amchukue anayemfuatia yule mdogo, na hivyo hivyo mpaka wote waishe wawili wawili, kila mkubwa akamsomee mdogo wake zaburi za siku ile na sura moja ya Agano Jipya. Na asubuhi wakafanya vivyo hivyo kwa zaburi na sura ya Agano la Kale. Kwa hila hii moja alipata mambo mawili: mkubwa alilazimika kuelewa asomayo, kwa kuwa mtoto mdogo huuliza, na utumishi ukawa faradhi ya kila siku, haukungoja mtu maskini abishe mlangoni. Naye mwenyewe, baada ya maandiko yake kuteketea, aliketi akawaandikia mabinti vitabu vya mkono: ufafanuzi wa Imani ya Mitume alioupeleka kwa Sukey mwaka 1710, na ufafanuzi wa Amri Kumi, na mazungumzo ya dini baina ya mama na Emilia.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuja baadaye, na lilitoka kwa mtoto. Katika majira ya baridi ya kuingia mwaka 1712, baba akiwa London katika baraza la makasisi, Emilia alikuta katika maktaba yake habari za wamishonari wawili, Ziegenbalg na Plütschau, waliopelekwa na mfalme wa Denmark mpaka Tranquebar, kusini ya Bara Hindi, akamsomea mama yake. Susanna alikaa siku nyingi akiyafikiri yale, akajiambia kwamba ingawa yeye si mwanamume wala si kasisi, hakosi la kufanya zaidi ya alilokuwa akilifanya, na akaona aanze na wanawe. Akaigawa wiki: Jumatatu azungumze na Molly, Jumanne na Hetty, Jumatano na Nancy, Alhamisi na Jacky, yaani John, Ijumaa na Patty, Jumamosi na Charles, na Jumapili na Emilia na Sukey pamoja. Watoto wanane, jioni saba. Halikuwa somo jingine la kuongezea zile saa sita za mchana, kwa maana hapakuwa na aya ya kukariri. Alikuwa mama na mtoto mmoja, wakiulizana juu ya mambo makuu ya nafsi yake.

Majira hayo hayo, ibada aliyokuwa akiwasomea watoto na watumishi jioni ya Jumapili ilianza kuvuta majirani, kwa kuwa mtumishi mmoja kijana aliwaambia wazazi wake nao wakaomba kuja, hata wakafikia watu kama 200, na wengine wakarudi kwa kukosa nafasi. Kasisi msaidizi aliona kanisa lake linapungukiwa, akapeleka malalamiko London. Mume akaandika kwamba jambo lile halipendezi, na yeye ni mwanamke. Jibu la Susanna ni la kusomwa na kila anayedhani kwamba utii na dhamiri ni maadui: alimwambia mumewe kwamba kama aona inafaa kuuvunja mkutano ule, asimtumie shauri, kwa kuwa shauri halitaituliza dhamiri yake, bali amtumie amri ya wazi ya kumwondolea lawama siku ya hukumu. Mkutano uliendelea mpaka mume aliporudi. John alikuwa na miaka minane, akiyaona yote.

Kilichobaki ndani ya John twaweza kukipima. Mwaka 1732, akiwa mtu mzima mwenye cheo chake Oxford, alimwandikia mama yake kumwomba amtengee tena sehemu ndogo ya jioni ya Alhamisi, ile aliyokuwa akimpa zamani kwa njia nyingine, safari hii kwa kumwandikia. Wakati huo yeye na wenziwe walikuwa wamekwisha kuanza kuwazuru wafungwa wa gereza la Oxford. Na katika hotuba yake moja ya baadaye ataja kijana mmoja wa kundi lile, ambaye wengi huamini kuwa ni yeye mwenyewe, aliyekuwa na pauni 30 kwa mwaka akatumia 28 na kutoa mbili, na mwaka uliofuata alipopata 60 akatumia 28 zile zile na kutoa 32. Siwezi kuzitazama hesabu hizo bila ya kuikumbuka ile robo peni na ile pini.

Lakini mizani sharti ipime pande zote. Hetty, ambaye yasemekana alisoma Agano Jipya kwa Kiyunani akiwa na miaka minane, na aliyekuwa na jioni yake ya Jumanne kama wengine, alitoroka na mwanamume mwaka 1725, kisha akaozwa kwa haraka kwa fundi mabomba asiyelingana naye kwa lolote, na baba yake hakupata kumsamehe. John alimtetea mbele ya watu kwa mahubiri juu ya huruma tunayowiwa na wakosaji, akamkasirisha baba. Elimu ilimfungua binti yule akili, nayo nchi haikuwa na mlango wa kumpeleka: ndugu zake walikwenda Westminster na Charterhouse, kisha Oxford, yeye akabaki na vinamasi. Utaratibu wa nyumbani, hata ukiwa bora namna gani, hauwezi kuijibu dhuluma iliyoko nje ya ua.

Mwaka 1748 John alifungua shule ya watoto Kingswood, karibu na Bristol, akidhani anaijenga upya nyumba ya mama yake. Watoto waliamshwa saa kumi ya alfajiri, hawakuruhusiwa kucheza, wala hawakuachwa bila ya mwalimu wa kuwatazama. Yeye mwenyewe alikuwa juu ya farasi, akihubiri kutoka mji hadi mji, na kwa miaka mingi shajara yake imejaa manung'uniko juu ya walimu wa shule ile na watoto waliokuwa wakikimbia huku na huku. Katika kanuni alizowaandikia umewekwa wazi wakati wa kuamka, na chakula cha kila siku, na vitabu vya kila darasa; hapana jioni iliyoandikiwa jina la mtoto mmoja.