Kazi ya Swichi Hupimwa Laini Ikijaa

Simu kulia si ushahidi wa kazi nzuri. Fundi yeyote anaweza kugawa swichi moja kuwa mitandao miwili, VLAN ya sauti na VLAN ya data, akapiga simu moja mbele ya mwenye ofisi na kulipwa. Ubora uko pale mitandao hiyo inapokutana: nani anaruhusiwa kuvuka, anavukia wapi, na nani anatangulia njia ikisongamana.

Anza na kivuko. Swichi ikitegemea waya mmoja kwenda kwenye ruta, kila pakiti inayohama mtandao hupanda na kushuka kwenye waya huohuo. Ofisi ndogo itavumilia. Jengo lenye simu nyingi linahitaji swichi inayoelekeza yenyewe, kila VLAN ikiwa na anwani yake ya lango humo ndani. Hakikisha pia uelekezaji umewashwa kweli, maana kwenye swichi nyingi huja ukiwa umezimwa: kompyuta italiona lango lake na bado isifike ng'ambo.

Halafu uliza simu inaijuaje VLAN yake. Fundi mahiri huiacha swichi itangaze VLAN hiyo kwa itifaki ya LLDP-MED, na simu mpya ikichomekwa inajipanga. Anayezunguka meza kwa meza akiingiza namba ya VLAN kwa mkono amekuachia kibarua kwa kila simu itakayobadilishwa.

Sasa kipaumbele, na hapa usiharakishwe. Simu inayotumia usimbaji wa sauti wa G.711 kwa kawaida hutuma pakiti 50 kwa sekunde kila upande, kila moja ikibeba milisekunde 20 za maneno. Ukijumlisha vichwa vya pakiti ni takribani kilobiti 87 kwa sekunde. Ni kidogo mno. Kinachoharibu mazungumzo ni kusubiri kwenye foleni, na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Kwa hiyo fundi ambaye dawa yake ya kwanza ni kununua laini kubwa zaidi hajaielewa kazi. Tafuta alama ya DSCP 46 kwenye pakiti za sauti, foleni inayozihudumia kwanza, na swichi inayoziamini alama za simu bila kuziamini za kompyuta iliyochomekwa nyuma yake. Kisha jaza laini: anzisha uhamishaji wa faili kubwa litakalopita njia ileile ya simu, piga, na usikilize dakika kadhaa.

Vizuizi ndivyo vinavyotofautisha fundi na bingwa. Kuruhusu kila kitu kivuke kunaifuta faida kubwa ya kutenganisha. Kuruhusu seva ya simu peke yake nako ni mtego, kwa sababu ishara za kuanzisha simu, yaani SIP, hupitia kwenye seva, ilhali sauti, yaani RTP, mara nyingi huenda moja kwa moja kati ya wanaozungumza. Mtu anayepiga kwa programu kwenye kompyuta atasikia simu ya mezani ikipokelewa, kisha kimya, au asikike yeye tu. Bingwa hufungua milango ya RTP kwa pande zote mbili na kufunga iliyobaki.

Kabla ya kutia saini, zima swichi na uiwashe mbele ya fundi. Usanidi ambao haukuhifadhiwa utapotea hapo hapo, naye akiwa bado yupo.