Jina la Perpetua na Riwaya ya Mongo Beti

Kila tunapoitaja darasani riwaya ya Mongo Beti wa Kameruni, Perpétue et l'habitude du malheur, iliyotolewa mwaka 1974, hakosi mwanafunzi wa kuuliza kwa nini msichana wa Kiafrika amepewa jina la Kizungu. Walimu wengi hujibu kwamba ni jina la ubatizo tu, wakaendelea na somo. Jibu hilo halitoshi.

Neno lenyewe ni la Kilatini. Latokana na kivumishi perpetuus, maana yake ya kudumu, isiyokatika. Kiishio -a chaonyesha jinsia ya kike, jambo ambalo ngeli zetu hazina. Lakini aliyelipa jina hili sifa yake ni Vibia Perpetua wa Karthago, karibu na Tunis ya leo, aliyeuawa mwaka 203 kwa ajili ya Ukristo. Alikuwa na umri wa miaka ipatayo 22, akinyonyesha mtoto mchanga. Katika habari za kifungo chake, ambazo yaaminiwa kwamba sehemu kubwa aliiandika kwa mkono wake, baba yake anamsihi aikane imani. Naye anamwonyesha chombo kilichopo hapo, akimwuliza kama chaweza kuitwa kwa jina lisilokuwa lake.

Tukilijua hilo, riwaya yasomeka vingine. Perpétue anaozwa na mama yake mwenye tamaa ya mahari, akapewa Édouard, mtumishi mdogo wa serikali. Anakufa angali kijana. Essola, kaka yake aliyetoka kifungoni, ndiye anayechunguza kifo hicho. Huko Karthago mfungwa ni mwanamke, naye ajieleza mwenyewe. Huku mfungwa ni kaka, na habari za dada twazipata zaidi vinywani mwa waliomjua. Kinachodumu sasa ni msiba uliokwisha kuzoeleka. Kejeli hiyo ya jina ni kali, na kwa maoni yetu ndiyo nguvu ya kitabu. Hata hivyo twamlaumu mwandishi kidogo: amemhurumia mno Perpétue kuliko alivyomsikiliza.

Basi twawaomba walimu wenzetu wasiishie kwenye kamusi. Msichana aitwaye Perpetua asiambiwe kuwa amevishwa jina la wageni. Asimuliwe kwanza habari za yule wa Karthago, ndipo apewe riwaya, aulize kwa nini huyu wa pili amehitaji kaka wa kumsemea.