Fundi aliniambia nilinunua rangi

Bandugu, mwaka jana tulikuwa tunatengeneza mashini ya kupukucha mahindi na fundi mmoja wa ateliye. Nikanunua meshi za kutoboa chuma, zile zenye rangi ya dhahabu, bei juu kuliko zile nyeusi. Muuzaji aliapa ni titani. Mashimo sita tu, dhahabu ikaisha, meshi ikawa butu. Fundi akacheka: « Enjenyeri, ulinunua rangi. »

Kwa ile hasira njo nilianza kusoma makala za wataalamu juu ya tando za nitridi. Leo nataka kuzisema kidogo, juu sisi wenye lisansi tunapenda kunakili figa bila kuuliza.

Muuzaji hakudanganya kabisa. Ile rangi inaweza kuwa nitridi ya titani (TiN) ya kweli: titani imeungana na azoti, ile ile tunahesabu kwenye NPK. Ugumu wake unapita jigapaskali 20, wakati chuma cha meshi nzuri kiko karibu 8. Lakini unene wa utando ni mikromita 2 ao 3, unywele wa kichwa unaupita mbali. Weka ganda la yai juu ya bugali, ufinye na kidole. Ganda ni gumu, na bado linapasuka, juu chini yake ni laini. Makala mingi nilizosoma zinasifu ganda, bugali zinaipitia mbio.

Kwenye aloi njo niliheshimu hawa watu. TiN ikipita digrii 500 ao 600 hewani inaanza kuliwa na oksijeni. Wakatia alimini ndani, ikawa TiAlN, inavumilia mpaka karibu 800, kwa sababu alimini inajijengea juu ngozi ya oksidi. Halafu kuna jambo la ajabu: TiN na AlN hazipendi kukaa pamoja, zimelazimishwa tu. Moto wa kazi ukifika karibu digrii 900, zinaanza kuachana katika vipande vidogo sana, na kule kuachana kunaongeza ugumu. Chombo kinakomaa kikiwa kazini! Ila ukizidisha alimini, kupita karibu theluthi mbili ya metali yote, umbo la ndani linageuka na utando unalainika. Ni kama mbolea: kipimo kina mwisho wake.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ya mwaka 2013, ya watafiti wa Linköping (Uswidi) na Illinois (Marekani). Walichanganya vanadi na molibdeni, VMoN. Sisi ba-agronome tunazijua: molibdeni iko ndani ya enzaimu ya bakteria zinazoshika azoti kwenye mizizi ya maharagi, na bakteria zingine zinatumia vanadi. Wao walifinya utando kwa sindano ya almasi. Nitridi ya vanadi peke yake ilipasuka, VMoN haikupasuka, na ilikuwa ngumu zaidi. Molibdeni inaleta elektroni za ziada, vifungo vya metali kwa metali vinapata nguvu, utando unakubali kuteleza kidogo badala ya kuvunjika. Kuacha kushindania ugumu peke yake na kuuliza juu ya mpasuko, pale niliwapigia makofi.

Lakini waliuotesha utando juu ya kristali safi ya oksidi ya manyezi. Nani anatobolea chuma na kristali? Ni mwanzo mzuri, tusiiseme kama meshi iko tayari dukani.

Na neno moja la kwetu. Nitridi ya tantali inawekwa ndani ya chipu za simu ili shaba isiingie kwenye silisi. Tantali nyingi ya dunia inatoka huku, Rubaya iko kwenye orodha. Katika makala nilizosoma usafi wa tantali unaandikwa, kwenye ilichimbwa hapana. Mwanafunzi akiniletea memware bila kuandika udongo wa shamba ulitoka wapi, ninamrudishia.

Mashini ilimalizika na meshi nyeusi.