Karani wa Daktari na Jibu Lisiloulizwa

Katika idara za dharura za hospitali nyingi za Marekani, nyuma ya daktari husimama kijana mwenye kompyuta ya magurudumu. Hamgusi mgonjwa wala hashauri dawa. Kazi yake ni kuandika tu, ili daktari apate kumtazama mgonjwa usoni.

Makarani hawa wapo tangu miaka ya 1970, ila walishamiri baada ya sheria ya 2009 iliyozimwagia hospitali fedha zihamishe kumbukumbu za wagonjwa kutoka karatasi kwenda kompyuta. Madaktari wakajikuta wameolewa na kibodi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kwa kila saa waliyokaa na wagonjwa, karibu saa mbili nyingine ziliishia kwenye kompyuta na shughuli za mezani.

Mafunzo huanza darasani: viungo vya mwili, majina ya dawa, vifupisho. Hayo ni ya kukariri. Upo pia mpangilio alioueneza Dkt. Lawrence Weed miaka ya 1960: anachosema mgonjwa, anachoona daktari, tathmini, kisha mpango wa matibabu. Nao haumchukui mtu muda kuushika. Ufundi wenyewe hufundishwa zamuni, mzoefu akiwa begani kwa mwanafunzi.

Mgonjwa hasimulii kwa mpangilio huo. Mzee aliyebanwa na kifua ataanza na ugomvi wa jirani, apitie kisukari cha marehemu mkewe, ndipo akumbuke kwamba alikuwa akipanda ngazi. Mwanafunzi huandika yote mpaka apitwe na maneno. Mzoefu hupepeta kama mwenye ungo, na kinachobaki ni hiki: “Maumivu ya kubana katikati ya kifua. Yalianza ghafla akipanda ngazi, saa mbili kabla ya kufika. Yanasambaa mkono wa kushoto. Yalipungua alipoketi.” Daktari wa moyo akiamshwa usiku wa manane, hayo yanamtosha kuanzia.

Lakini ninachokistahi zaidi ni namna wanavyoandika kisichokuwapo. Maumivu hayaendi mgongoni: hapo hofu ya mshipa mkuu kuchanika inapungua. Mguu mmoja haujavimba: hapo damu iliyoganda na kukimbilia mapafuni inakuwa mbali kidogo. Hana homa, hakohoi. Kila “hana” ni ugonjwa uliosogezwa pembeni, na atakayelisoma faili kesho ataona daktari aliwaza nini. Ndiyo maana sharti lake ni kali: swali ambalo daktari hakuuliza halina jibu. Karani haruhusiwi kuandika “hana homa” kwa sababu tu mgonjwa hakuitaja, hata kama fomu ina kisanduku kinachongoja alama. Mwanafunzi mwenye bidii ndiye hukosea hapa, maana anapenda ukurasa uliojaa. Mwalimu mzuri humfundisha kuacha pengo, au amnong’oneze daktari wakiwa nje ya pazia.

Adabu nayo hufundishwa. Mgonjwa akisema maumivu yake ni kumi kwa kumi, andika “anasema”, usiandike “anadai”. Ukishaandika kwamba anadai, daktari wa zamu ijayo anaingia chumbani akiwa na shaka tayari.

Mwisho wa yote daktari husoma, husahihisha, hutia saini, na dhamana ni yake. Karani analipwa kidogo. Wengi ni vijana wanaotaka kusomea udaktari, hukaa mwaka mmoja au miwili wakaondoka, na mafunzo yakaanza upya kwa wengine.

Siku hizi programu za akili bandia zinazosikiliza mazungumzo na kuandika zenyewe zimeingia vyumbani humo. Zina kasi, na hazichoki. Hospitali inayozinunua isiwafukuze makarani wake wazoefu siku hiyohiyo. Iwape kwanza kazi ya kuzikagua, waanze na kila mahali palipoandikwa “hana”.