Salome Wawili, Hedifoni Moja

Ukitaka kujua hedifoni za kuchomeka masikioni zinafaa au hazifai, usimsikilize muuzaji. Sikiliza "Maria Salome" ya Saida Karoli, binti wa Kagera aliyetikisa nchi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha papo hapo weka "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny ya mwaka 2016, iliyojengwa juu ya wimbo huo huo. Mzizi mmoja, ila kila mmoja umetengenezwa kwa masikio ya zama zake. Hedifoni nyingi za bei ya kati unazozikuta Makoroboi (bei ya kati kwangu ni kati ya shilingi 30,000 na 100,000) zitakupa Diamond aliyenona na Saida aliyezama.

Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sisi wapenda fasihi tunabishana kutwa juu ya tafsiri mbovu na vitabu vilivyochapwa ovyo, lakini hatusemi neno kuhusu hiki kidude kinachotufikishia mashairi mengi kuliko kitabu chochote. Shairi la Kiswahili leo linasikilizwa zaidi kuliko linavyosomwa. Sasa kama chombo kinameza maneno, tunahakiki nini?

Angalia maboksi. JBL wanaandika Pure Bass. Sony walikuwa na familia nzima iliyoitwa Extra Bass. Besi inauza, kwa sababu mteja anajaribu kwa sekunde chache na kitu cha kwanza kumgonga ni mdundo. Sina chuki na besi, jamani. Amapiano bila besi haina maana, na Bongo Fleva ya sasa imechanganywa studio ikiutegemea mdundo wa chini. Lakini maneno hayakai huko. Sauti ya mwanaume inaweza kuanzia chini, kwenye hezi 100 hivi, ila kinachokutofautishia "pata" na "kata" kiko juu zaidi, kwenye hezi 2,000 hadi 4,000, na mivumo ya s na sh inapanda kupita hapo. Besi ikivimba inafunika eneo hilo. Unabaki na irabu tupu.

Kwenye Kiswahili husumbuki sana, maana akili inajaziliza yenyewe. Ndiyo maana nasisitiza Saida. Anaimba Kihaya, na wengi wetu tuliocheza wimbo ule tuliushika kwa sauti tu. Usipojua lugha, herufi ikimezwa huna cha kubahatisha. Kwa hiyo yeye ni mtihani mgumu kuliko msanii yeyote unayemwelewa.

Kwa wapenzi wa zilipendwa habari ni hiyo hiyo, tena inauma zaidi. Chukua Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978. Muhiddin Gurumo ana sauti ya kutulia, Hassan Rehani Bitchuka anapaa juu yake, na magitaa yanajibizana katikati yao kama watu wanaoshauriana kesi ya ndoa. Wimbo wa dansi ni hadithi yenye wasimulizi kadhaa, na magitaa ni wasimulizi pia. Ukiongeza besi, gitaa la rizimu ndilo linakufa kwanza. Halafu rekodi nyingi za zama zile ni za mono, kwa hiyo muuzaji anayekusifia "upana wa sauti" anakusifia chumba ambacho hutalala.

Taarabu ya kale ina shida nyingine. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye sahani za santuri. Hedifoni yenye ukali mwingi juu itakupa mikwaruzo ya sahani kwanza, Siti baadaye. Tafuta iliyolegea kidogo huko juu.

Singeli watu huikosea. Wanadhani inataka besi nzito, kumbe kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika inataka wepesi: mdundo ugonge na uondoke, usimkanyage anayeghani.

Kwa wanaoagiza mtandaoni, nitataja mbili tu, zote za waya. Moondrop Chu ina besi ya adabu, na sauti za watu zinakaa mbele. Hiyo ndiyo ya Saida na Gurumo. KZ ZSN Pro ni kinyume chake: chini na juu vimepandishwa, katikati pamekalishwa. Kama maisha yako ni amapiano na Bongo Fleva, ichukue kwa amani. Ila kabla ya kulaumu hedifoni yoyote, badilisha vile vipira vyake vya mpira. Kipira kisipoziba sikio, besi yote inavuja, na utasema umeuziwa feki bure.

Kuna hoja moja dhidi yangu, na ina nguvu. Panda kivuko cha Kamanga. Injini inanguruma, na mngurumo wake uko chini kabisa, kule kule inakokaa besi. Hedifoni iliyomzamisha Saida chumbani, kwenye kivuko inakaa sawasawa, kwa sababu injini imeila ile ziada. Daladala hivyo hivyo. Anayesikiliza njiani tu ana haki yake ya kununua besi, na afadhali hiyo kuliko kupandisha sauti mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtu anayeshindana na injini anavuka hapo bila kujua.

Ila maneno ya wimbo mtu huyafuata usiku, akiwa ametulia. Kwa hiyo ukifika dukani, muuzaji akikuwekea wimbo wake wa kujaribishia, mshukuru, chomoa waya, chomeka kwenye simu yako. Saida kwanza, Diamond baadaye. Akikataa kufungua boksi, duka la pili lipo hatua tano mbele.